Mrejesho: Nimelipata toleo la pili la kitabu cha uhakiki

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza ninunue nakala mpya au iliyotumika ya Outline of Swahili Literature, kitabu cha uhakiki wa riwaya na tamthilia za Kiswahili kilichochapishwa na Brill, nikaahidi kuleta mrejesho.

Nilianza na wauza vitabu vya mitumba wa Posta, ambako baada ya kurudi mara tatu niliipata nakala kwa shilingi 30,000. Kwa furaha sikuutazama ukurasa wa hakimiliki, na nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba ni toleo la mwaka 1989, la Elena Bertoncini peke yake, ilhali muuzaji alinihakikishia kuwa ni la pili. Toleo la pili, la mwaka 2009, lilipanuliwa sana, na humo ameshirikiana na Mikhail Gromov, Said Khamis na Kyallo Wadi Wamitila. Kwa mtu anayeandika tasnifu kuhusu riwaya za miaka ya 1990, kama mimi, tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa riwaya hizo hazikuwapo toleo la kwanza lilipotoka.

Nakala mpya ilibidi iagizwe nje, na bei yake pamoja na usafirishaji ilinishinda. Hatimaye dada mmoja aliyehitimu aliniuzia ya kwake, toleo la 2009. Ina mistari ya penseli, lakini kurasa zote zimo na faharasa ni kamili. Safari hii niliomba kwanza picha ya ukurasa wa hakimiliki.

Namshukuru kwa dhati aliyenishauri niwaulize waliohitimu.