Naomba ushauri: picha ya mita 2.5 ya mji wa Lamu

Salaam wadau. Nina picha sita za wima za mji, zilizopigwa asubuhi kutoka upande wa kisiwa cha Manda, jua likiwa mgongoni. Zimepandana kwa asilimia 30. Baada ya kuunganisha na kukata kingo imebaki pikseli 15,000 kwa 4,800. Kwa pikseli 150 kwa inchi ni kama sentimita 254 kwa 81. Inatosha kwa ukuta wa hoteli.

Jahazi lililokuwa likipita limetokea mara mbili kwenye kiungo. Hilo dogo, nafuta tanga moja. Kinachonisumbua ni mikoko ya pembeni. Kwenye skrini majani yanaonekana, kwenye kipande cha majaribio ni weusi mtupu. Mwanga wa skrini nimeshaushusha na profaili ya karatasi (faili la kulinganisha rangi za printa na karatasi hiyo) ninayo. Niinue vivuli tu, au nibadilishe karatasi isiwe ya kunyonya wino hivi?

Halafu unyevu na chumvi: karatasi chini ya kioo hujikunja ikagandia. Turubai yenye vanishi naona bora, ila fremu ya mbao ya urefu huo hupinda. Mngeigawa vipande vitatu? Mkato upite wapi bila kupasua mnara wa msikiti?