Naomba ushauri: muhogo wa shamba la shule umeoza ndani, pingili (vipande vya shina vya kupandia) tugawe au tuchome?

Wadau wa kilimo, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Shamba la shule huku Lindi vijijini ni robo eka ya muhogo, nafasi mita 1 kwa 1, mashina kama 1,000. Mpango ni kila mwanafunzi abebe pingili 20 za sentimita 25 akapande kwao mvua zikianza, maana korosho haipikwi ikawa ugali.

Tumeng'oa mashina 10 ya miezi 9. Majani ya juu kijani safi, ya chini yana umanjano kando ya vishipa. Kata muhogo sasa: mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Mashina manne yako hivyo. Ugonjwa wa batobato siyo, majani hayajajikunja. Nadhani ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mengine yenye dalili tuliyang'oa mapema, lakini inzi weupe wanaoueneza bado wamejaa na jirani ana muhogo huohuo.

Shina ambalo mizizi yake yote ni mizima, pingili zake zinafaa, au ugonjwa unaweza kujificha? Na aliyewahi kuchukua mbegu safi kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, utaratibu ukoje kwa shule?