Keshia wa benki kwenda kampuni ya malipo ya simu: njia ipi ina unafuu?

KeshiaMwanza: Wakuu, habari za jioni. Nimekaa dirishani benki miaka ya kutosha, sasa nataka kuhamia kampuni ya teknolojia ya malipo. Programu sijui kuandika. Ninachojua ni kufunga hesabu, kunusa kitambulisho cha kughushi na kumtuliza mteja aliyekatwa hela mara mbili. Niende huduma kwa wateja, kitengo cha sheria na taratibu, au niache kazi nikasomee programu?

Kodi_Zenji: Kazi usiache, mkuu. Kwenye programu utagombea nafasi na vijana waliotoka chuo, na miaka yako ya dirishani haitahesabika.

MamaUkaguzi: Huduma kwa wateja utaingia haraka, ila wengi hukwama humo humo. Mimi nakushauri sheria na taratibu. Kampuni hizi zinabanwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, ile ya utakasishaji fedha ya 2006, na ya taarifa binafsi ya 2022. Wewe ulikuwa unazitekeleza kila ukimfungulia mtu akaunti, hata kama hukuziita hivyo.

Mzee_wa_Miamala: Mmesahau usuluhishi wa miamala! Mteja katuma 50,000 kutoka kwenye simu kwenda benki. Kwenye simu imekatwa, benki haijaingia. Unafungua faili la huku na la kule, unalinganisha namba za muamala, unaona imekwama wapi, unaamua irudishwe au isukumwe. Ni kufunga hesabu kule kule, ila hakuna noti za kuhesabu. Noa Excel, halafu SQL (lugha ya kuuliza data kwenye mifumo ya kompyuta) ya kukutosha kuvuta data bila kumwomba mtu. Na kwenye CV acha "nilihudumia wateja", kila mtu anaandika hivyo. Andika ulivyokuwa ukifuatilia upungufu wa fedha mpaka chanzo kinaonekana.

KeshiaMwanza: Shukrani, wakuu. Usuluhishi umeniingia. Mshahara je?

MamaUkaguzi: Wa kuanzia unaweza kuwa chini ya ulionao. Ila kabla ya hapo, una mkopo wa mfanyakazi? Soma mkataba wake. Benki nyingi ukiondoka zinakutoa kwenye riba ya wafanyakazi, unalipa kama mteja wa kawaida.

KeshiaMwanza: Ninao, wa nyumba. Kesho naenda kuuliza HR.