Mrejesho: kishale cha mausi kwenye mandhari nyeusi sasa nakiona

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu kishale cha mausi kunipotea kila nikikipeleka juu ya msimbo, VS Code (programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta) ikiwa na mandhari nyeusi. Tatizo limekwisha.

Ushauri wa kwanza, kubadili editorCursor.foreground (mpangilio wa rangi ndani ya VS Code), uligusa kile kimstari kinachopepesa pale unapoandika tu. Nilihangaika nao jioni nzima kabla ya kuelewa kwamba ni vitu viwili: cha mausi rangi yake inatoka Windows.

Aliyenielekeza Mipangilio, Ufikivu, halafu kiashiria cha mausi (natumia Windows 11), ubarikiwe sana. Nimechagua rangi maalumu, kijani cha kung'aa, na kuongeza ukubwa kidogo. Kile kijiti chembamba chenye umbo la I kikiwa juu ya maandishi nacho ni kijani. Nakiona hata nikiwa nimeegemea kiti. Kwenye mipangilio ya ziada ya mausi nimewasha na ile ya kitufe cha Ctrl: ukikibonyeza, duara linajikunja kuelekea kishale kilipo.

Wenye Mac, kuanzia macOS Monterey rangi ya kishale inabadilishwa pia, sehemu ya Ufikivu. Asanteni sana, macho yamepumzika.