ECSAFA ilikwenda wapi, na PAFA ilitoka wapi?

Mwanafunzi, Chwaka

Assalaam alaykum. Nasoma uhasibu, na katika vitabu vya zamani vya maktaba ninakutana mara kwa mara na Shirikisho la Wahasibu wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, yaani ECSAFA, ilhali walimu wetu wanaitaja PAFA peke yake, yaani Shirikisho la Wahasibu la Afrika nzima. Naomba wenye kujua wanieleze: shirikisho hilo la mwanzo lilianzishwa kwa haja gani, kwa nini halisikiki tena, na je, Mzanzibari aliyefaulu mitihani ya CPA, ile ya kumfanya mtu mhasibu aliyethibitishwa, anaweza kuwa mwanachama wa PAFA yeye mwenyewe?

Mkaguzi wa hesabu, Mlandege

Waalaykum salaam. Kuielewa ECSAFA, iliyoanzishwa mwaka 1990, tazama kwanza umri wa taasisi zilizoiunda. Bodi yetu ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, imetokana na sheria ya mwaka 1972. Wakenya walitunga yao mwaka 1977, na Uganda ikafuata mwaka 1992, shirikisho likiwa tayari limeshaundwa. Kabla ya hapo, aliyetaka kuitwa mhasibu katika nchi hizi alifanya mitihani ya Uingereza na kusajiliwa na vyama vya huko. Bodi changa za namna hii, nyingine zenye wanachama wachache mno, zilikuwa na kazi ileile ya kutunga mitihani, kusimamia maadili na kuamua ni viwango vipi vya hesabu vifuatwe, na hakuna iliyokuwa na wataalamu wa kutosha kuifanya kazi hiyo peke yake. Shirikisho la kimataifa la wahasibu, IFAC, lilikwishaundwa mjini Munich mwaka 1977, lakini sauti ya bodi moja ndogo ya Afrika katika ukumbi ule ilikuwa hafifu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuungana, ingawa hotuba za wakubwa hupenda kutanguliza undugu.

Maalim mstaafu, Wete

Nakubaliana na ndugu yangu wa Mlandege, nami nitaongeza habari ya upande wa pili wa bara, kwani bila hiyo mwisho wa ECSAFA haueleweki. Afrika Magharibi ilitangulia: umoja wa taasisi za huko, ABWA, uliundwa mwaka 1982. Kwa hiyo Afrika ilikuwa na makundi ya kanda bila ya chombo cha bara zima, na mgawanyiko wenyewe haukuwa wa ramani tu. Nchi zilizotawaliwa na Mfaransa zilirithi utaratibu ambamo sheria hupanga hata orodha ya akaunti zitakazotumika, na sisi tuliotawaliwa na Mwingereza tulirithi utaratibu unaomwachia mhasibu nafasi kubwa ya kupima mwenyewe. Watu wa mila hizi mbili walikuwa hawakai meza moja kwa urahisi. Ndiyo maana mimi huona kuwa kuzinduliwa kwa PAFA mjini Dakar, mwezi Mei 2011, kulikuwa na uzito wake: taasisi 37 kutoka nchi 34 zilikusanyika katika mji wa nchi inayotumia Kifaransa, wakati makao ya shirikisho yaliwekwa Afrika Kusini. ECSAFA haikufa kwa ugomvi. Kazi yake ilimezwa na chombo kikubwa zaidi, na hata mtendaji wake mkuu, Vickson Ncube, ndiye aliyekwenda kuiongoza sekretarieti ya PAFA.

Mwanafunzi, Chwaka

Nakushukuruni sana, Maalim. Limebaki lile swali la uanachama.

Mkaguzi wa hesabu, Mlandege

Hapana, mwanangu, huwezi kujiunga wewe binafsi. PAFA hupokea taasisi, kama CAF inavyopokea vyama vya mpira na si wachezaji. Ila usiufuate mfano huo hadi mwisho: sisi Wazanzibari tunakumbuka Machi 2017, tulipopewa uanachama wa CAF, na Julai ya mwaka huohuo tulipovuliwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Kwa wahasibu hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu taasisi 37 kutoka nchi 34 maana yake ni kuwa zipo nchi zilizoingia na taasisi zaidi ya moja.

Pia PAFA haitoi leseni kwa mtu yeyote. Ukitaka kufanya kazi Nairobi au Kampala, kinachokuhusu ni Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 11 kinazungumzia kutambuana kwa sifa za kitaaluma, pamoja na makubaliano ambayo taasisi za wahasibu za Jumuiya zilitia saini mwaka 2011. Maombi yako yataanzia kwenye taasisi iliyokusajili, nayo ndiyo itakayothibitisha kwa wenzao wa nchi unayokwenda kuwa u mwanachama mwenye sifa njema. Kwa hiyo maliza mitihani kwanza, kisha hakikisha ada yako ya mwaka imelipwa.