Tupeane uzoefu: kutoboa masikio ya saa mpaka tundu litokeze nje

Fundi wa Langoni
Assalaam alaykum mafundi. Hapa Lamu saa nyingi zinazofika mezani ni za watu wa bahari, na kinachosumbua mara nyingi si mashine, ni mkanda. Chumvi huingia kwenye tundu la pini ya springi, kile kijiti kinachoshika mkanda, pini ikashika kutu ndani ya sikio, yaani kile kipembe cha bodi ya saa mkanda unapofungwa, na kwa kuwa tundu halikutokeza nje huna pa kuisukumia. Saa kama Seiko SKX007 masikio yake yametoboka: unaingiza sindano kwa nje, unasukuma, mkanda unatoka. Tuelezane namna ya kuyatoboa yale yaliyozibwa. Tupeane vipimo, aina za biti na pale kazi inapoharibika.

Mkomani
Wa alaykum salaam fundi. Kabla ya yote, angalia bodi ni ya madini gani. Ya shaba iliyopakwa kromu au dhahabu iache. Rangi hubanduka ukingoni mwa tundu, na kwa hewa yetu ya chumvi shaba itaota kutu ya kijani. Kazi hii zaidi ni ya stenlesi.

Toa mashine, uso, mishale, ufunguo na rabari zote. Bodi ibaki tupu. Chenga moja ya chuma ikiingia kwenye magurudumu, saa itasimama.

Sasa pima ncha ya pini. Za kawaida zina ncha ya mm 0.8 au 0.9, zile nene za Seiko za mbizi zina mm 1.1. Tundu lizidi ncha kwa mm 0.05 hadi 0.1 tu. Likilegea zaidi, pini inacheza, inakula chuma, na tundu linakuwa la yai. Hapo ndipo saa huanguka baharini.

Biti iwe ya kobalti, mpya, fupi, na ishikwe na drili ya stendi. Drili ya mkononi inaivunja. Mwendo hesabu hivi: stenlesi inapenda kasi ya ukataji ya kama mita 10 kwa dakika, ambayo kwa biti ya mm 1 ni mizunguko kama 3,200 kwa dakika. Zile mashine ndogo za kusagia zinazoanzia mizunguko 10,000 zinaunguza ncha kabla haijakata chochote.

Stenlesi ina tabia ya kukomaa ikisuguliwa. Biti inayokata hutoa uzi mwembamba mweupe unaojikunja. Ukiona unga, au ukisikia mlio mkali, ujue inasugua na chini yake panazidi kuwa pagumu: itoe mara moja, badilisha biti. Usisimame juu ya tundu ukisubiri na biti inazunguka, hata kidogo. Shuka kwa uzito, kata kama nusu milimita, toa, futa chenga, tia tone la mafuta ya kukatia, rudi.

Shela
Mkomani amesema vizuri. Mimi naongeza mahali pa kuanzia, maana wengi hukosea hapo. Upande wa nje wa sikio una mteremko, biti inateleza. Uelekeo uchukue kwa uso wa ndani wa sikio, maana huo ndio ulionyooka: ulaze sawa na meza ya drili. Kati ya masikio mawili jaza kipande cha mti mgumu, mvule au mkoko, kilichochongwa upana uleule, mm 18, 20 au 22, ili sikio lisipinde.

Kupata sehemu yenyewe, tengeneza kiolezo. Chukua ukanda wa bati la shaba wa mm 0.5, ukunje uwe U juu ya kipande chenye unene wa sikio, kisha toboa miguu yote miwili kwa mpigo mmoja. Mguu wa ndani ufunge kwa kijiti cha waya kilichoingia kwenye tundu la zamani. Tundu la mguu wa nje ndilo alama yako, litie kwenye sikio. Toa kiolezo, chimba kitako kidogo kwa biti ya kichwa cha mviringo, ndipo utoboe.

Mkomani
Ahsante Shela. Sikio la pili wengine hupitisha biti ndefu kupitia la kwanza. Biti ya kawaida ya mm 1 ina urefu wa mm 34: nafasi ya mm 20 na masikio mawili ya mm 3 ni mm 26, zinabaki mm 8 za kushikwa.

Shela
Inafika, shekhe, lakini inayumba, na biti inayoyumba kwenye stenlesi ndiyo inayosugua. Kwa shaba tupu sawa. Kwa stenlesi tumia kiolezo pande zote mbili.

Kijana wa Matondoni
Mafundi, samahani: ukishatoboa hivyo, maji hayataingia kwenye saa?

Fundi wa Langoni
Hayaingii, mwanangu. Sikio liko nje ya bodi, tundu linapita kando halikutani na rabari yoyote.

Mkomani
Biti ikivunjikia ndani, jaribu kuisukuma kwa sindano kutoka upande wa pili. Ikigoma na bodi ni ya shaba tupu, nunua shabu (alum) dukani, iyeyushe kwenye maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, tumbukiza bodi kwenye bakuli la kioo na uliweke liwe na joto. Viputo vitatoka kwenye biti, italika polepole kwa saa kadhaa, shaba ibaki salama. Kwa stenlesi chungulia mara kwa mara. Biti ya kabaidi, ile ngumu sana kuliko ya kobalti, hailiki kabisa, kwa hiyo usiitumie pasipo drili imara.

Fundi wa Langoni
Mwisho wa kazi, zungusha biti ya mm 2 kwa vidole, mizunguko miwili, ndani na nje ya kila tundu, kuondoa ukingo mkali unaokata mkanda. Osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha kabisa, na ufunge pini mpya isiyo na mabega, yaani isiyo na ule ukingo wa kushikia kifaa karibu na ncha.