Kaseti za hadikoo panki za miaka ya themanini: nianze na demo au mkusanyiko?

Kanda_Mbili (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Nimepata deki ya kaseti iliyo hai: kichwa hakijalika, mkanda wa mpira umebadilishwa, inarudisha nyuma bila kulalamika. Sasa nataka kuacha kusikiliza mtandaoni tu na kushika kitu mkononi. Ninachokitafuta ni hadikoo panki, ile panki ya kasi na kelele, ya chini kwa chini, kati ya 1981 na 1986 hivi.

Mfuko unaruhusu kaseti moja tu, nyingine labda mwakani. Nimebakiwa na tatu. Kuna ile ya bendi ya Bad Brains, iliyotolewa na lebo ya ROIR 1982. Kuna New York Thrash, mkusanyiko wa bendi mbalimbali, wa lebo hiyohiyo na mwaka huohuo. Halafu kuna demo (kanda ya majaribio ya bendi yenyewe) ya Siege, Drop Dead, ya 1984, ambayo muuzaji anaapa ni nakala ya asili na bei yake inatisha kuliko mbili za kwanza zikiunganishwa.

Tafadhali msinijibu "zote kali". Chagua moja, itetee.

Shemeji_wa_Ohio

Bad Brains, na wala sijafikiria mara mbili.

Watu wengi wanadhani ROIR walitoa kaseti kwa sababu hawakuwa na hela ya kuchapa santuri. Hapana. Neil Cooper aliianzisha ile lebo New York akiwa na hesabu zake: mwanamuziki aliyefungwa na mkataba wa santuri kwa lebo kubwa bado angeweza kumpa kazi itoke kwa kaseti. Na Walkman ilikuwa imeingia sokoni 1979, kwa hiyo wasikilizaji wa kutembea na kaseti walikuwepo tayari. Ndiyo maana orodha yao ina Suicide, ina Television, ina The Raincoats, na katikati yao wanakaa vijana wanne Weusi kutoka Washington, D.C., Marasta, waliokuwa wameanza na jazi ya kuchanganya kabla ya kugeukia panki.

Albamu ile yao ya kwanza ilitoka Februari 1982 kwa kaseti tu. Kava la njano, radi inapiga kuba la bunge la Marekani. Walirekodi studio ya 171-A pale New York, na unasikia chumba kabisa: ngoma za Earl Hudson ziko karibu, gitaa la Dr. Know linakata, besi ya Darryl Jenifer haipotei hata wanapokimbia. "Sailin' On" haifiki dakika mbili. Halafu mwimbaji H.R. anapunguza mwendo, unapewa "I Luv I Jah", rege ya zaidi ya dakika sita, na wala hujisikii umebadilisha kaseti. Nitajie bendi nyingine ya wakati ule iliyoweza hivyo.

Hiyo New York Thrash ina nyimbo mbili za Bad Brains hata hivyo. Kwa nini ununue vipande?

Bi_Stempu (Bruxelles)

Shemeji, umeongea vizuri lakini hujajibu swali. Kaka hapo juu hajauliza albamu ipi ni bora. Anataka kuingia. Na kwa hadikoo, mlango ni mikusanyiko.

Albamu ya Bad Brains ni ya Bad Brains, imesimama peke yake. New York Thrash inakupa mtaa mzima: Kraut, Heart Attack, Nihilistics, The Undead, False Prophets, Adrenalin O.D. kutoka ng'ambo ya mto kule New Jersey. Na Beastie Boys, ndiyo, walewale, bado vijana wadogo, wanapiga panki ya kelele kabla ya kufikiria kurap. Nakubali kuna bendi mbili tatu mle ambazo zingebaki nyumbani dunia isingepungukiwa. Lakini hata hao dhaifu wanakuonyesha ni mtindo gani uliokuwa ukiigwa, na nani alikuwa akimwiga nani.

Ila mimi nisingenunua hiyo pia. ROIR ni lebo ya dukani. Raha ya kaseti za hadikoo ilikuwa posta. Tafuta Charred Remains, mkusanyiko uliotengenezwa na watu wa jarida dogo la mashabiki lililoitwa Noise, huko Xenia, Ohio (shemeji, ni huko kwako!). Mle ndani Void wa Maryland wanakaa na Die Kreuzen wa Milwaukee na Articles of Faith wa Chicago. Hakuna lebo kubwa ambayo ingewaweka chumba kimoja mwaka ule.

Au kaseti za BCT za San Diego, kirefu chake Borderless Countries Tapes. Hao walikuwa wakikusanya kanda kutoka nje ya Marekani na kuzisambaza tena. Kupitia wao Wamarekani wengi ndipo walijua kwamba Italia ina hadikoo. Kuna kaseti yao inaitwa Last White Christmas, rekodi ya tamasha lililofanyika Pisa Desemba 1983. Wapo I Refuse It!, na ipo bendi inaitwa CCM. Watanzania tulieni, si ile yenu ya kijani na njano. Kirefu chake siandiki humu, nitafungiwa akaunti.

Kanda_Mbili

Bi Stempu, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂 Hiyo posta ilikuwaje hasa? Walilipana vipi?

Bi_Stempu

Mara nyingi hawakulipana. Ulituma kaseti tupu pamoja na gharama ya kurudishia, mwenzio akakurekodia na kuituma. Ukiwa nchi nyingine ulitia kwenye bahasha kuponi ya kimataifa ya posta, mpokeaji akaibadilisha kwa stempu za kwao. Anwani zilipatikana kwenye majarida kama Flipside na Maximum Rocknroll. Hilo la pili lilianza kama kipindi cha redio eneo la San Francisco mwaka 1977, likawa jarida 1982. Toleo lake la kwanza lilikuja ndani ya Not So Quiet on the Western Front, santuri mbili zenye bendi 47.

Na kulikuwa na ujanja wa stempu. Unaipaka sabuni au gundi juu, mhuri wa posta unakaa juu ya ule utando, mwenzio anaiosha na kukurudishia uitumie tena. Ndani ya barua waliandika waziwazi, "nirudishie stempu". Kuiibia serikali kidogo, lakini bila wizi ule kijana wa Finland asingeweza kuwaandikia watu wa Brazil na Japani kila wiki.

Msee_Kelele (Nairobi)

Nyote mmepotea, heshima zote kwa dada yetu. Siege.

Hawa jamaa walitoka Weymouth, Massachusetts, kusini ya Boston. Waliingia studio ya Radiobeat mwanzoni mwa 1984, Lou Giordano akiwa kwenye mitambo, wakatoka na nyimbo sita. Tano zinapita kabla chai yako haijapoa. Ya sita, "Grim Reaper", inaburuta kwa dakika kadhaa na saksofoni inalia juu yake kama mtu amefungiwa stoo. Baada ya hapo zikaja nyimbo tatu kwenye mkusanyiko wa Cleanse the Bacteria mwaka 1985, na basi. Urithi wote huo.

Lakini kanda ile ilizunguka. Ilifika Uingereza kwa njia hiyohiyo ya bahasha na ikawaingia Napalm Death wa Birmingham, na kutoka hapo ndipo graindikoo, muziki wa kasi ya kupindukia, ikaota. Sasa fikiria: 2020 kundi la Duma la hapa Nairobi wanatoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ambayo jina lake lenyewe lina neno kaseti. Ule mwendo wa ngoma usio na huruma unaousikia kwa Duma, hata kama siku hizi unatoka kwenye kompyuta, ukiufuata nyuma hatua kwa hatua utafika kwenye demo ya Weymouth. Huwezi kusema hivyo kuhusu mkusanyiko wowote.

Demo haijui kama kuna mtu atasikiliza. Mkusanyiko unajua tayari una wateja. Tofauti hiyo inasikika.

Shemeji_wa_Ohio

Hoja ya mwisho nzuri, lakini demo nyingi zilirekodiwa zikijua kabisa nani atasikiliza: mwenye klabu, ili atoe nafasi ya kupiga. Nyingine ziliwekwa kabatini. Minor Threat walirekodi demo yao 1981 pale Inner Ear kwa Don Zientara, nyimbo nane, na Dischord hawakuitoa mpaka 2003. Ni nzuri ajabu, lakini kanda ile haikubadilisha maisha ya mtu miaka hiyo. Kilichowabadilisha watu ni zile santuri ndogo.

Msee_Kelele

Basi umenisaidia. Bendi ilikuwa kali hata bila mtu kuisikia. Ushahidi ndio huo.

Fundi_Ukungu (Unguja)

Wanangu, habari za mchana. Mimi nimerekebisha kaseti na redio miaka mingi, panki siijui sana (mwanangu ndiye aliyenileta humu). Nitazungumzia kitu chenyewe, maana naona mnagombana juu ya nyimbo na huyu kijana anataka kutoa pesa.

Kaseti ya lebo na kaseti ya demo si bidhaa moja. Ile ya ROIR imetengenezwa kiwandani, imechapishwa, na ukiwa na picha nzuri unaweza kuilinganisha na nyingine. Demo ilirudufiwa nyumbani kwa deki mbili, pengine kwa mwendo wa haraka, juu ya kaseti tupu yoyote iliyopatikana siku ile, na kava ni fotokopi. Leo mtu akipata kaseti tupu ya zamani na mashine ya fotokopi, atakutengenezea "ya asili" mchana mmoja. Nani atathibitisha? Sisi huku tuliuza kanda za taarab kwa mtindo huo, nakala ya nakala ya nakala, na mteja alijua ananunua sauti. Bei ya uasili haikuwepo.

Kila unaporudufu, mvumo unaongezeka na sauti za juu zinafifia. Nakala ya tatu au ya nne ya bendi inayopiga kasi hivyo, matoazi yote yanageuka kuwa mvua juu ya bati. Wengine wanapenda. Mimi sipendi.

Halafu muulize muuzaji urefu wa kanda. Ya dakika 60 ina utepe mnene kuliko ya dakika 90, na ya 120 ni nyembamba zaidi, inajikunja na kuliwa na deki. Albamu hizi ni fupi, hapana sababu ya mtu kutumia ndefu, isipokuwa alijaza mambo mengine nyuma yake.

Chumvi_Nyingi

Mzee amemaliza kazi. Mimi nasikiliza yote haya bure kwenye simu na sijawahi kuota ukungu masikioni. Kelele ni kelele.

Bi_Stempu

Chumvi, hukulazimishwa kuingia uzi huu mwanangu.

Chumvi_Nyingi

Nimeingia kwa ajili ya CCM ya Pisa, mama. Naomba wimbo mmoja tu.

Kanda_Mbili

Mzee Fundi, shikamoo, na asante sana. Umenivunja moyo kuhusu Siege lakini afadhali sasa kuliko baada ya kutuma hela. Nilimwomba muuzaji picha ya ndani: kava ni fotokopi kweli, na kaseti yenyewe ni ya dakika 90. Hana maelezo kwa nini.

Kwa hiyo Siege nje, kama kitu cha kununua. Nimebaki na zile mbili za ROIR. Charred Remains nimeitafuta usiku kucha, iliyopo imeshauzwa. Ya Pisa sijaiona kabisa.

Msee_Kelele

Siege ilishatoka rasmi kwa diski miaka ya tisini. Chukua hiyo, demo ya dakika 90 mwachie mwenyewe na ngano zake. Lakini bado nasema ndiyo kaseti bora katika zote tatu. Kuipata tu ndiko kugumu.

Shemeji_wa_Ohio

Na ukichukua Bad Brains, jua kuna matoleo mengi. Albamu ileile ilitoka tena 1989 kwa jina la Attitude: The ROIR Sessions, kisha bendi yenyewe ikaitoa upya miaka ya karibuni, kaseti ikiwemo. Mpya inacheza vizuri na ni nafuu. Ya 1982 utalipia kile kipande cha plastiki. Mimi ninayo ya zamani na siichezi, kwa hiyo usinifuate mimi.

Bi_Stempu

Umeona? Ana kaseti asiyoicheza. Nunua New York Thrash uicheze mpaka iishe.

Kanda_Mbili

Nimeamua: New York Thrash, ya zamani, ina alama ya kalamu kwenye kava lakini ni ya kiwandani na bei inavumilika. Bad Brains nitachukua toleo jipya mwakani, na nyimbo zao mbili zitanishikilia mpaka wakati huo. Mzee Fundi, ikifika nifanye nini kwanza?

Fundi_Ukungu

Marahaba mwanangu. Usiicheze ikifika. Ifungue kwenye mwanga, utazame utepe kwa ubavu: ukiona madoa meupe ni ukungu, na ukungu utahamia kwenye deki yako na kaseti zako zote. Kisha tazama kile kitambaa kidogo kinachobana utepe kwenye kichwa. Kwenye kaseti za umri huo gundi yake hukauka kikadondoka, sauti ikawa inakuja na kupotea upande mmoja. Kikiwa kimetoka, tafuta kaseti tupu yenye skrubu, hamishia utepe humo, na ganda la asili ulihifadhi.

Kabla ya kusikiliza, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, polepole, ili utepe ulegee. Vunja vijiti viwili vya juu kama bado vipo, mtoto asije akarekodi juu yake. Na isikae karibu na spika.

Kanda_Mbili

Vijiti havipo, nimeona kwenye picha. Kitambaa nitamuuliza leo jioni.